Mdharau Mwiba: Niliyoyaona Katika Makumbusho ya Pikipiki



Kila mtu ana ugonjwa wake. Wapo wanaougua mpira, wapo wanaougua taarabu, na wapo ambao wakiona bao linachezwa chini ya mwembe husahau hata walikuwa wametumwa wapi. Mimi ugonjwa wangu ni pikipiki. Niliupata mwaka 1963 nikiwa darasa la kwanza, kwa mwalimu mkuu wetu aliyekuwa na BSA. Kila Jumamosi sisi wanafunzi tuligombania zamu ya kuiosha, na aliyepewa kitambaa cha kupangusia tangi alijiona amepanda cheo. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuweka kopo tupu la maziwa chini ya injini jioni, kwa sababu oili ilidondoka usiku kucha. Asubuhi aliichukua oili ile ile akairudisha mahali pake, akapiga kiki mara tano au sita, akaenda zake. Hatukuona kasoro yoyote. Tulidhani pikipiki zote duniani hudondosha oili, kama ng'ombe wote walivyo na mate.

Kwa hiyo mwaka juzi, mpwa wangu ambaye ni muuguzi katika mji wa Birmingham, Uingereza, aliponialika arusini kwake, nilimjibu kwamba nitafika, ila kwa sharti moja: siku moja katika siku zangu kumi iwe ya kutazama pikipiki. Akacheka kwenye simu. Akasema, "Mjomba, wenzako wakija huku huomba kupelekwa London wakalione kasri la Mfalme." Nikamwambia, "Mfalme wangu mimi ana magurudumu mawili."

Ndiyo sababu leo nataka niwasimulie juu ya nyumba ile niliyopelekwa. Sitawasimulia kwa ajili ya kujigamba kwamba nimesafiri, la hasha. Nilikwenda kutazama chuma na rangi, nikarudi na somo moja ambalo linawahusu watu wengi hapa kwetu, wenye pikipiki na wasio nayo, maana siku hizi nani kati yetu hajapanda bodaboda?

Nyumba yenyewe inaitwa Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki. Iko kando ya barabara kuu, upande wa Solihull, si mbali na uwanja wa ndege wa Birmingham. Ilianzishwa na mfanyabiashara mmoja, Roy Richards, na kufunguliwa mwaka 1984. Ndani yake mna mamia kwa mamia ya pikipiki, na karibu zote zilitengenezwa Uingereza. Zimepangwa safu kwa safu, zimepanguswa zikapanguka, kila moja na kibao chake kinachoeleza jina, mwaka na ukubwa wa injini. Ukipita unasoma majina kwenye matangi: Norton, Triumph, Ariel, Velocette, Matchless, AJS, Royal Enfield, Vincent. Wazee watakaosoma hapa watakuwa wanatikisa vichwa. Vijana watauliza ni majina gani hayo. Na hapo ndipo penye hadithi.

Msikilizaji unaweza kuuliza, kwa nini makumbusho kama haya yawe Birmingham na si London? Jibu ni kwamba eneo lile lilikuwa la wahunzi. Kampuni ya BSA, kwa mfano, haikuanza na pikipiki. Iliundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa Birmingham walioungana, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Bunduki zilipokosa soko mafundi wakageukia baiskeli, kwa sababu mashine zinazochonga mtutu ndizo zinazochonga ekseli. Kutoka kwenye baiskeli hadi pikipiki ni hatua moja: unatafuta mahali pa kufunga injini. James Norton alifungua karakana yake mjini humo mwaka 1898. Triumph ya Coventry, mji jirani, ilianzishwa na Mjerumani Siegfried Bettmann, ikatoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1902. Mwaka 1907 yalipofanyika mashindano ya kwanza ya TT katika Kisiwa cha Man, Norton ilikuwa miongoni mwa washindi. Baada ya Vita Kuu ya Pili BSA ikawa mtengenezaji mkubwa kupita wote wa pikipiki duniani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya BSA moja, nikiitafuta ile ya mwalimu wangu, nikasikia mtu ananiuliza kwa upole kama nimewahi kuiendesha. Alikuwa mzee wa Kiingereza wa umri kama wangu, mtazamaji kama mimi. Nikamweleza habari za mwalimu na kopo la maziwa. Alicheka mpaka akashika mkongojo vizuri. Akaniambia kwamba ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha BSA pale Small Heath. Kisha akanionyesha dari kwa mkongojo ule. "Kabla hujatazama pikipiki," akasema, "tazama juu."

Nikatazama. Darini kulikuwa na mabomba membamba yenye vichwa vidogo vya shaba, yale yanayonyunyiza maji yenyewe moto unapotokea. Nikamuuliza yana ajabu gani. Akanisimulia.

Tarehe 16 Septemba 2003, jioni, makumbusho haya yaliungua. Kulikuwa na watu wa mkutano katika kumbi za jirani, na moto ulipoanza, wageni pamoja na wafanyakazi waliingia wakaanza kuzisukuma pikipiki nje, moja moja, mpaka moshi ukawazuia. Waliokoa mamia. Lakini kumbi tatu kati ya tano ziliteketea, na pikipiki zipatazo 380 ziliungua au kuharibika. Baadhi zilikuwa za pekee, hazina ndugu duniani. Wachunguzi walipotafuta chanzo, walikuta ni kipande cha sigara kilichotupwa ovyo. Msikilizaji, kishungi cha sigara! Kitu ambacho hakifikii urefu wa kidole gumba kilifanya kazi ambayo mabomu ya Wajerumani hayakuifanya. Jengo lilijengwa upya, likafunguliwa tena Desemba 2004 likiwa na mabomba yale ya maji, na pikipiki nyingi zilizobaki mifupa zilirudishwa hali yake na mafundi waliofanya kazi kwa miaka. Maana yake ni kwamba mabomba yaliwekwa baada ya moto. Wahenga wa kwetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale waliujenga.

Nikadhani mzee amemaliza. Kumbe alikuwa anaanza. "Huo ulikuwa moto wa pili," akasema. "Wa kwanza ulituchoma sisi wenyewe kiwandani, na ule haukuwa na moshi."

Akanipeleka kwenye pikipiki moja ndogo, nyembamba, isiyo na makuu. Ilikuwa BSA Bantam, injini ya cc 125. Hii ilitoka mwaka 1948. Waingereza walipowashinda Wajerumani katika vita walichukua, pamoja na mambo mengine, michoro ya pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125, wakaigeuza kuwa Bantam. Ilikuwa pikipiki ya mtu wa kawaida: mpeleka simu za maandishi wa posta, fundi, karani. Zilitengenezwa zaidi ya 350,000. Lakini kwa wakuu wa kiwanda, akaniambia mzee, Bantam ilikuwa mtoto wa kambo. Fahari ilikuwa katika pikipiki kubwa, zenye mngurumo unaosikika mtaa wa tatu.

Sasa sikiliza maajabu. Mchoro ule ule wa DKW uliigwa pia na watu wengine, upande wa pili wa dunia. Mwaka 1955 kampuni moja ya Japani iliyokuwa ikitengeneza vinanda ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, ya cc 125, iliyojengwa kwa kufuata DKW hiyo hiyo. Kampuni hiyo ni Yamaha. Yaani Mwingereza na Mjapani walipewa mbegu moja. Mmoja aliipanda kando ya shamba akaisahau, mwingine aliipalilia.

Miaka mitatu baadaye, 1958, Honda akatoa Super Cub, ya cc 50 tu. Soichiro Honda na wenzake walikuwa wamefikiria mtumiaji ambaye hakuna mtu wa Birmingham aliyemfikiria: kijana wa hoteli anayepeleka bakuli za tambi kwa wateja. Kijana huyo ana mkono mmoja tu wa kuendeshea, wa pili umebeba sinia. Basi wakaondoa klachi ya mkono. Wakaweka sehemu ya katikati iwe chini ili hata mwenye gauni apande bila taabu. Wakaweka kinga ya plastiki mbele ili tope lisimrukie miguuni. Injini ikawa ya kuwaka kwa kiki moja na kutodondosha oili. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za aina hiyo zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichopata kutengenezwa kwa wingi huo.

Waingereza walikuwa na habari? Walikuwa nazo. Mwaka 1959 Wahonda walikwenda Kisiwa cha Man na vijipikipiki vyao, na mwaka 1961 wakashinda mbio za cc 125 na za cc 250, nafasi tano za kwanza katika kila moja. Mwaka 1960 Edward Turner, mbunifu mkuu wa Triumph na mmoja wa wakubwa wa BSA, alikwenda Japani akaviona viwanda kwa macho yake, akarudi na taarifa iliyoeleza wazi ukubwa wa jambo lile. Lakini viwandani yalitawala mawazo mengine: kwamba Mjapani na atengeneze hivyo vidogo, vitawafundisha watu kuendesha, kisha wakikomaa watakuja kwetu kununua pikipiki za kiume.

"Tulicheka," mzee akaniambia. "Mimi pia nilicheka. Tuliziita vitu vya kuchezea."

Mwaka 1969 Honda ikatoa pikipiki kubwa ya cc 750, yenye silinda nne, breki ya diski mbele, na ya kuwasha kwa kubonyeza kidude. Sasa yule kijana aliyejifunzia Honda ndogo alipokomaa, alinunua Honda kubwa. Angeziacha vipi, na hajawahi kupigishwa kiki sita wala kuwekewa kopo la maziwa? BSA iliporomoka miaka ya 1972 na 1973. Wafanyakazi wa Triumph pale Meriden walikataa kiwanda kisifungwe, wakakikalia, wakakiendesha kwa ushirika hadi mwaka 1983, nao wakashindwa. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ilitaka wataalamu wa Boston waeleze kilichotokea. Waligundua kwamba kila Wajapani walipoingia katika ukubwa fulani wa injini, Waingereza waliondoka wakahamia ukubwa wa juu yake, mpaka hapakubaki pa kuhamia. Ni kama mtu anayefukuzwa na maji ya mafuriko, anapanda kitanda, anapanda meza, anapanda kabati, na kumbe mlango ungezibwa mapema.

Nilipomwacha mzee yule akiwa amekaa kwenye benchi, nilikuwa na methali moja kichwani: mdharau mwiba, mguu huota tende. Kishungi cha sigara kilidharauliwa. Pikipiki ndogo ilidharauliwa. Nikasema moyoni, maskini Waingereza. Msikilizaji, ni rahisi sana kuwahurumia watu wengine kwa makosa yao.

Nikafika kwenye safu ya Brough Superior. Hizi ndizo zilizokuwa pikipiki za matajiri, zilizotengenezwa kwa mikono na George Brough mjini Nottingham. Mteja wake mashuhuri alikuwa T. E. Lawrence, afisa yule aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza. Lawrence alizipenda Brough kupita kiasi. Kwa nyakati mbalimbali alikuwa nazo saba. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, alikuwa akirudi kwa pikipiki akakutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli. Akawakwepa, akaanguka. Hakuwa amevaa chochote kichwani. Alilala bila fahamu siku sita, akafa, umri wake miaka 46.

Kwa wengi habari inaishia hapo. Lakini miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Kifo kile kilimkaa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka akaanza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani huko Uingereza. Si kwa risasi wala kwa mabomu, bali kwa kuanguka, na wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa. Kisha akatafuta waliokuwa wamevaa kofia ngumu walipoanguka. Aliwapata saba tu, na wote saba walikuwa hai. Novemba mwaka ule ule jeshi likaamuru wapeleka barua wake wote wa pikipiki wavae kofia.

Na jambo linalouma zaidi ni hili: kofia ilikuwapo siku zote. Daktari wa uwanja wa mbio wa Brooklands, Eric Gardner, alikwisha kutengeneza kofia ya turubai iliyokaushwa kwa gundi, na mwaka 1914 washindani wa TT wakalazimishwa kuivaa. Ila watu wa kawaida walisema hiyo ni ya wakimbiao mbio, sisi tunakwenda dukani tu. Iliwachukua Waingereza mpaka mwaka 1973 kutunga sheria ya kila mpanda pikipiki kuvaa kofia. Tangu kofia ya Gardner mpaka sheria hiyo ni miaka 59. Hesabu mwenyewe makaburi ya katikati.

Hapo, mbele ya Brough ile, miguu ilinilegea nikatafuta mahali pa kukaa. Mpwa wangu akanikimbilia. "Mjomba, vipi, umechoka?" Nikamwambia sijachoka, namfikiria binamu yako. Akanyamaza. Alijua.

Wasikilizaji, mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, na mimi ndiye niliyemwambukiza ugonjwa huu. Nilimnunulia kofia nzuri, nyekundu. Aliivaa akiona askari, na asipoona askari aliitundika kwenye kioo cha pembeni. Nami nilimwona mara nyingi akifanya hivyo, nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naivaa yangu kwa namna ile ile. Jioni moja alikuwa anarudi nyumbani, zimebaki kama mita mia tatu. Mbuzi akakatiza. Hakuwa na mwendo mkubwa. Waliomwona wanasema alianguka kama mtu anayejilaza. Lakini kichwa kilikutana na ukingo wa kalvati.

Hakufa, Mungu ni mwema. Anatembea, anakula, anasalimia. Ila ukimtuma dukani na noti ya elfu kumi, hawezi kuhesabu chenji. Kijana aliyekuwa akijua bei ya kila safari kutoka stendi mpaka pembe zote za mji. Wakati mwingine ananiita baba mdogo, wakati mwingine ananiuliza mimi ni nani. Kofia yake tuliiokota palepale kwenye kioo. Haina hata mkwaruzo.

Mpwa wangu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alinieleza nilichokuwa sikijui miaka yote hiyo ya kupenda pikipiki. Ubongo, alisema, umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Unapoanguka, fuvu husimama ghafla linapogonga lami, lakini ubongo bado uko safarini, nao huligonga fuvu kwa ndani. Kofia ina kazi mbili. Ganda la nje hulitawanya pigo lisikae mahali pamoja. Ndani mna tabaka nene la povu gumu, na hilo ndilo lenye uhai wako: hubonyea, na katika kubonyea huupa ubongo nafasi ya kusimama polepole badala ya ghafla. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haivaliwi tena hata kama inaonekana nzima, maana povu likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kofia ya wajenzi si kofia ya pikipiki. Na ndiyo maana kofia isiyofungwa mkanda wa kidevuni ni sawa na kutovaa, kwa sababu itatangulia kuruka kabla wewe hujafika chini.

Madaktari waliokusanya na kupima tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2008 walikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia zipatazo 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia zipatazo 69. Hiyo si dawa ya kila ajali. Lakini niambieni ni dawa gani nyingine inayouzwa dukani kwa bei ya matairi mawili yenye nguvu hiyo.

Najua majibu yetu, maana nimeyatoa mwenyewe. Joto. Inanuka, imevaliwa na abiria hamsini. Itaharibu nywele. Naenda hapo tu. Kwa habari ya harufu, kitambaa chepesi chini ya kofia kinatosha. Na kwa habari ya "hapo tu", nimekwisha kuwaeleza habari ya mita mia tatu.

Kabla sijafunga, niwape habari moja ya kuchekesha ambayo nayo ina mafunzo. Siku hizi yale majina makubwa ya Birmingham yako wapi? Royal Enfield ilianza kutengenezwa India mwaka 1955, na kiwanda cha Uingereza kilipokufa cha India kikaendelea mpaka leo. Jina la BSA lilichukuliwa mwaka 2016 na kampuni iliyo chini ya Mahindra ya India. Triumph ilifufuliwa na Mwingereza John Bloor, lakini tangu mwaka 2023 Triumph za cc 400 zinatengenezwa India na Bajaj. Na Norton, baba wa mashindano, iliponyong'onyea mwaka 2020 ilinunuliwa kwa paundi milioni 16 na TVS. Naam, msikilizaji, umesikia vizuri: Bajaj na TVS. Ni wale wale unaowaona wamejipanga kituoni hapo nje. Walikua kwa kutengeneza chombo cha mtu mdogo, cha cc 100 na cc 150, cha kubebea abiria, mkungu wa ndizi na mgonjwa. Leo wamepewa funguo za nyumba ya bwana. Anayekiheshimu kidogo hukuta siku moja kimekuwa kikubwa mikononi mwake.

Basi nilirudi nyumbani. Zawadi nilizowaletea watu ni picha. Mtoto wa kaka nilimpa picha ya Bantam, akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye tangi, akasema, "Hii inadondosha oili." Sijui alikumbuka hadithi zangu au alibahatisha. Nilitoka nje kidogo.

Wale wenzetu wamejenga jumba lenye pikipiki mamia ili wasisahau. Mimi nimepiga msumari mmoja ukutani sebuleni. Nimetundika kofia nyekundu isiyo na mkwaruzo. Wageni wakiuliza ni ya nini nawaeleza, na kila dereva wa bodaboda anayeniletea mzigo namkaribisha ndani aione kabla sijamlipa. Wengine hucheka. Wawili mpaka sasa wameondoka wakifunga mkanda wa kidevuni mbele ya macho yangu. Na mimi, mzee wa miaka karibu sabini, nikienda dukani kununua chumvi, naivaa yangu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.